Diski Kwenye Mkoba wa Fundi

"Kaka, usichomeke hiyo!"

Mkono wenye bangili tatu ulimdaka mwalimu katikati ya foleni ya duka la kuchapishia. Mashine zilinguruma, watu walisukumana. Alikuwa ameokota flashi kwenye kaunta na alitaka kuichomeka kwenye laptop yake ajue ni ya nani.

"Mswaki wa kuokota ungeutia mdomoni?" dada yule akauliza.

Mwalimu alicheka hadi foleni nzima ikageuka. Akaliona gauni la njano, bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele, na macho makavu yasiyopepesa. Alikuwa fundi kompyuta. Zamu ya mwalimu ilipofika, alishasahau alichokuja kuchapisha.

Kwa miezi mitatu simu zao hazikupoa. Mwalimu alifundisha watoto viziwi, na kwenye kompyuta ya nyumbani alikuwa na video mia sita za masomo kwa lugha ya ishara, jasho la miaka minne. Fundi akamletea diski ya pembeni, akazinakili zote.

"Kila ukimaliza kunakili video mpya, ichomoe uiweke kabatini. Kuna virusi vinafunga kila kilichochomekwa, halafu unadaiwa pesa ufunguliwe."

"Sawa, askari wangu."

"Askari wako anakupenda. Chomoa!"

Hakuchomoa.

Jumatatu alasiri alirudi nyumbani kutoka kazini, akawasha kompyuta. Kioo kilikuwa chekundu: faili zako zimefungwa, lipa. Akapapasa nyuma ya meza. Diski haipo!

"Fundi wako alipita jana ukiwa umetoka," dada yake aliyeishi naye akasema kwa sauti ndogo. "Aliondoka nayo kwenye mkoba."

Damu ikamchemka. Akapiga simu.

"Umechukua diski yangu, na leo nadaiwa pesa. Kumbe ndio mchezo wako?"

"Hebu rudia," fundi akasema.

Akarudia. Simu ikakatwa.

Dada yake akaangua kilio. "Kaka, ni mimi! Asubuhi nilifungua barua pepe kwenye kompyuta yako, eti kuna mzigo wako umefika. Nikabofya."

Mwalimu akaishika simu tena. Ndipo alipouona ujumbe wa sauti wa jana, hajausikiliza: "Mpenzi, diski umeiacha imechomekwa wiki nzima. Naondoka nayo kabla hujapata balaa. Usininunie."

Alikimbia hadi karakana ya fundi, shati limechomoka, jasho tele. Wateja wanne walikuwa wamekaa.

"Nimekukosea. Nilikuita mwizi, na wewe ndiye uliyeniokoa."

"Unayasema hayo mbele ya wateja wangu?"

"Mbele ya yeyote."

Fundi hakuinua kichwa. Alifunga skrubu sita, moja moja, huku mwalimu amesimama kama mshtakiwa. Kisha akauliza, "Umeitoa kompyuta kwenye intaneti?"

"Nimechomoa kila kitu. Hata friji."

Kicheko kikamponyoka fundi.

Jioni ile, nyumbani kwa mwalimu, fundi alifuta kompyuta yote, akaisuka upya, ndipo akachomeka diski. Video ya kwanza ikafunguka: watoto kumi na wawili wakipunga mikono. Mwalimu akashindwa kuficha machozi.

"Nioe... yaani, naomba nikuoe."

"Alasiri mwizi, jioni mchumba?"

"Nikisubiri kesho nitakuwa nimechelewa."

Fundi alimtazama, akatabasamu polepole, kisha akageukia jikoni na kupaza sauti: "Wifi! Acha kujificha huko. Njoo nikufundishe barua za kufungua na za kufuta!"

Kigelegele kilitoka jikoni kabla ya mwenyewe.