Albamu za Uzeeni

Jumamosi moja mwaka 1996, soko la Jinja likiwa limefurika, Ramula alinyoosha mkono kuchukua kaseti kwenye kibanda cha Ouma, na mwanamume asiyemjua akamwambia asipoteze pesa zake.

"Hiyo ni albamu ya uzeeni, dada. Bendi ya Radi ilikufa zamani. Hao ni marehemu wanaopiga kinanda."

Ramula alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, suruali ya jinzi, koti la jinzi katikati ya joto lile, na kifuani beji ya Radi kubwa kama kisosi. Yeye alivaa gauni refu la manjano na mtandio mweupe, na hakuwa mtu wa kuchaguliwa cha kununua.

"Wewe ndiye daktari wao, uliwapima ukakuta wamekufa?"

Ouma alicheka mpaka akashika meza. "Afande, leo umepatikana."

Mwanamume aliitwa Adrisi; Afande lilikuwa jina la utani tu. Aliuza vipuri vya baiskeli mjini Mbale na alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa Radi wa huko. Kwake yeye, Radi ilikuwa albamu tatu za mwanzo, za miaka ya sabini, vijana walipopiga roki kwenye kumbi za kambi za jeshi na askari wakacheza mpaka soli zikabanduka. Albamu tatu za mwisho, walizorekodi wakiwa na mvi, zilikuwa na kinanda, ngoma ya polepole, na sauti iliyokatika katikati ya wimbo. Adrisi alisema ni uchovu. Ramula alisema ni watu waliojifunza kunyamaza, na anayehitaji kelele ndipo moyo wake usikie akanunue mashine ya kusaga. Walibishana hadi Ouma akawaomba wasogee, wateja wengine wapite. Wakasogea, wakaendelea kwenye chai.

Baada ya hapo zikaanza simu. Ramula alikaa kwenye mitambo ya simu ya kiwanda kimoja cha nguo Jinja, akiwaunganisha watu na idara wanazozitaka. Adrisi alipiga kutoka posta ya Mbale, akibadilisha sauti kama meneja.

"Naomba idara ya wapenda muziki mbovu."

"Unaongea nayo, bwana. Sema haraka, mpenzi wangu anaweza kupiga."

Wote wawili walikuwa Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, kwa hiyo wazee hawakupata la kukataa. Posa ikapangwa. Wajomba wa Adrisi wangekwenda Jinja siku chache baada ya mijadala miwili ya mashabiki kuhusu albamu zipi ni bora, wa kwanza Mbale na wa marudiano Jinja.

Kabla ya hapo lilitokea jambo. Ramula alikwenda Mbale kumtembelea, wakaingia hotelini kula, na mtu akaweka wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Radi. Gitaa lilipolia tu, Ramula alijikuta chini ya meza. Hakujua alivyofika pale. Adrisi alipiga magoti, akamtoa taratibu, akamwomba mwenye hoteli azime redio.

Walipokuwa nje Ramula alimweleza. Mwaka 1979 ilipoanguka serikali ya kijeshi, ambayo watu waliihesabu kuwa ya Wanubi, Wanubi waliwindwa kama panya. Mzee Isabirye wa Buwenge, Msoga asiye na undugu nao, aliwaficha yeye na mama yake kwenye stoo ya mahindi, akaiweka santuri ile ya Radi kwa sauti ya juu mchana kutwa ili wapita njia wasisikie mtoto akilia. Tangu siku ile gitaa lile humrudisha stoo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya nyumba yao. Adrisi alimfuta machozi kwa mkono wa shati na kuahidi kuwa albamu hiyo haitamkaribia tena. Ahadi hiyo aliitimiza.

Mjadala wa kwanza ulifanyika Mbale, Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa. Gaster, mwenyekiti wa mjadala, alikuwa na kengele mezani, na kila mzungumzaji alipewa muda wake, kama shuleni. Ramula alikaa nyuma na dada yake, Juwairiya. Walitoka Jinja asubuhi, Ramula akiwa na gauni jipya la kijani, kwa sababu mchumba wake alikuwa anazungumza.

Adrisi alikuwa anashindwa. Topista, mwalimu wa Jinja, alitetea albamu za uzeeni kwa ulimi mkali. Alisema zile za mwanzo ni muziki wa mabuti, umekwisha na mabuti yake, na leo hakuna anayeusikia mwilini. Watu wakampigia makofi.

Adrisi aliinuka kabla kengele haijalia. "Hakuna anayeusikia? Nina mwanamke ninayemjua, mtu mzima, ana kazi yake. Akisikia gitaa lile mara moja tu, anaingia chini ya meza. Nileteeni albamu moja ya uzeeni inayoweza kumwingiza mtu chini ya meza."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga viti. Kijana mmoja aliingia chini ya benchi, akatoa kichwa, kicheko kikazidi. Adrisi alisimama katikati ya sherehe ile akitabasamu, mpaka alipomwona Juwairiya amesimama kule nyuma, na kiti cha pembeni yake kikiwa kitupu.

Jumatatu asubuhi alipiga simu.

"Kiwanda. Idara gani?"

"Ramula, ni mimi."

"Idara hiyo haipo."

Ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa. Juma zima alikuwa mtu wa kwanza dirishani pale posta, mpaka karani akaanza kumwonea huruma. Hatimaye Ramula alimwacha aseme. Adrisi alisema hakutaja jina. Alisema alilisifu gitaa, hakumcheka yeye. Alisema kwenye mjadala wa marudiano, Jinja, atasimama mbele ya watu wote na kumwomba msamaha.

"Kwa kosa gani?" Ramula aliuliza.

"Kwa kusema ile habari yako."

"Kwa hiyo utaisema tena. Mara ya kwanza walicheka bila kujua ni nani. Mara hii utawapa na jina, waende nalo nyumbani." Sauti yake haikupanda. "Adrisi, nisikilize. Ukinitaja humo ndani, hata kwa wema, wajomba zako wasipande gari kuja kwetu."

Siku ya marudiano Ramula alikwenda. Juwairiya alimwambia anajitesa bure. Alijibu kwamba anataka kuona kwa macho yake, si kusimuliwa. Alivaa nguo za kazini na kukaa safu ya tatu.

Topista hakuwa amesahau kwamba kicheko kile kilimpa Adrisi ushindi kule Mbale. Zamu yake ilipofika hakugusa hata wimbo mmoja. Alimgeukia Adrisi na kumtaka athibitishe. Mwanamke huyo ni nani? Anaishi wapi? Yumo humu ndani? Watu walianza kugeuza shingo. Wengine walijua Adrisi anachumbia Jinja, na macho yao yakaanza kupita safu kwa safu. Ramula alitazama mbele.

Gaster aligonga kengele. "Bwana Adrisi, sheria unaijua. Thibitisha au ondoa. Na anayesema uongo humu haruhusiwi kusimama tena."

Adrisi aliinuka. Zubair, rafiki yake tangu utotoni na katibu wa chama chao, alimnong'oneza amtaje tu, wamalize.

"Hayupo," Adrisi alisema. "Nilimtunga."

Shingo zote zikamgeukia yeye.

"Nilikuwa nashindwa. Nikataka mcheke. Hakuna mwanamke wa namna hiyo, Mbale wala Jinja."

Ilianza kama mvumo, kisha ikawa zomeazomea. Mwongo. Mwenyekiti mzima. Gaster alifuta jina lake ubaoni, na ushindi wa Mbale ukafutwa pamoja nalo. Zubair alimwambia atafute gari lake la kurudia, kwa sababu wao hawapandi na mwongo. Adrisi alichukua koti lake akatoka.

Ramula alimkuta nje, chini ya jua la saa tisa, akitazama barabara.

"Zubair atakuuliza," alisema. "Mtakapopatana. Atakuuliza peke yenu kama ilikuwa kweli."

"Nitamwambia niliyosema humo ndani."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na Mbale nzima ikuite mwongo."

"Ndiye mimi huyo. Nilikuahidi kuhusu kaseti, nikakuuza wewe."

Ramula hakumwambia kuwa si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alisimama naye mpaka watu wa kwanza wakaanza kutoka ukumbini. Kisha alimvuta kando ya ukuta na kumwambia jambo jingine la siku ile ya Buwenge, ambalo hata mama yake hajui kwamba analikumbuka. Jambo hilo ni la Ramula, na haliandikwi hapa.

Alipomaliza alimtazama usoni. Adrisi alifungua mdomo kusema neno, kisha akaufunga.

Ramula aliliona hilo. Akaweka sawa mtandio wake na kumwambia wajomba zake waje na posa Jumamosi, waje mapema, na yeye abaki Mbale awaache wenyewe waongee.