Barabara Iliyobana Tumbo

Enyi wasomaji watukufu, mliojua kusoma tangu zamani na mlioanza juzi, kaeni vizuri. Mnakaribia kusimuliwa habari nzito, yenye heshima na mafunzo makuu. Inahusu mpira wa kumwagilia bustani.

Tena hata si wa bustani. Unafanana nao tu. Tutaufikia.

Kwanza kuna Mama Cherehani. Ni fundi nguo. Hushonea barazani kwake, karibu kabisa na barabara, na kazi yake kubwa ni sare za shule. Anapobana pini mdomoni, mtaa mzima hupumzika. Anapozitoa, watu hukumbuka kuwa wana shughuli kwingine.

Mtaa huo ni wa nyumba za familia. Zamani magari yalikuwa machache, na watoto walicheza hadi katikati ya barabara. Kisha barabara kuu ikajaa foleni. Madereva wakagundua kuwa mtaa huo ni njia ya mkato. Wakaanza kupita kama watu wanaofukuzwa.

Mchana mmoja, kitindamimba wa Mama Cherehani alikuwa akivuka kutoka shule. Gari jeupe likapita. Halikumgusa mtoto. Lilinasa begi lake mgongoni, likalikanyaga, likaliburuta hadi kwenye kona. Mtoto alibaki amesimama katikati ya barabara, ameshika kamba tupu.

Mama Cherehani alitema pini zote.

Begi lile hakulifua. Alilitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na alama ya tairi ikionekana. Mteja aliyeuliza alijibiwa hivi: "Hapo ndipo ulipokuwa mgongo wa mwanangu."

Wakazi walilalamika manispaa. Manispaa ikamtuma mpimaji, dada mmoja mwenye koti la rangi ya chungwa. Alilaza mpira mweusi mrefu kukatiza barabara, akaufunga kwenye kisanduku kilichokuwa kwenye nguzo. Huo ndio ule mpira wetu mtukufu. Kisha akaondoka bila kueleza kitu.

"Anapima nini huyu?" aliuliza Mwenye Duka, jirani wa pembeni.

"Ametumwa aone hali," alisema Mama Cherehani. "Basi ataiona."

Kesho yake alfajiri aliwatoa majirani nje. Walijipanga kando ya barabara na sufuria, vifuniko na miiko. Mama Cherehani alisimama mbele, ameinua begi juu kama bendera.

"Punguza mwendo, we! Unawahi kuzikwa?"

"Shemeji, hilo gari ni lako au umeliiba?"

Na dereva gani atakimbiza gari mbele ya wanawake wenye miiko? Kila aliyefika alikanyaga breki. Magari yalitambaa kama konokono msibani.

Mchana wa siku hiyo, majirani walipoingia ndani kula, kitu kilirukaruka juu ya ule mpira. Hakuna aliyeona ni nani. Viatu vyeusi vya shule, cha kushoto kimeachama mbele kama mamba, viliruka pu, pu, pu, kisha vikatoweka nyuma ya uzio.

Baada ya muda, jibu lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. "Mwendo wa magari ni wa kawaida. Matuta hayahitajiki."

Mama Cherehani alilisoma mara mbili. Alichomoa begi msumarini, akaenda manispaa na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Njia nzima hakusalimia mtu. Alimkuta dada wa vipimo mezani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinipoze kwa shikamoo. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mwendo ni wa kawaida?" Akaliweka begi juu ya meza. "Kawaida ya nani? Hii?"

Dada aliitazama alama ya tairi. Akaigusa kwa kidole.

"Hili halimo kwenye vipimo vyangu," alisema polepole.

"Na kwa nini halimo? Mnangoja nilete na mtoto mwenyewe, amefunikwa shuka?"

"Keti, mama."

"Sikuja kukaa."

"Basi nami nitasimama." Dada akasimama. "Tairi ikikanyaga ule mpira, hewa inasukumwa hadi kwenye kisanduku. Kisanduku kinahesabu magari, na kinajua yalikwenda mbio kiasi gani. Sasa niambie. Siku ya kupima mlikuwa wapi?"

"Barabarani. Tulikuwa na hasira, na bado tunayo."

"Na madereva walipowaona?"

"Walinywea wote. Hakuna hata mmoja aliye..." Mama Cherehani akakatiza maneno yake.

"Naona utepe shingoni, kumbe ni fundi," alisema dada. "Mteja akibana tumbo wakati unampima, inakuwaje?"

"Nguo inamkaa siku hiyo tu. Akishakula, vifungo vinaruka."

"Barabara yenu siku ile ilibana tumbo, mama. Mimi nikapima hilo tumbo lililobanwa."

Mama Cherehani alikosa pa kuiweka hasira yake. Alitafuta kidogo, akapata mahali.

"Na wewe je? Mimi mteja nikimpima namwambia, pumua. Wewe ulifunga mpira wako ukaondoka kimya kama mwizi wa nyaya. Tungejuaje?"

Dada aliinamisha kichwa. "Hapo nimekosa. Nilipaswa kuwaeleza."

"Ulipaswa."

"Kuna jambo jingine. Saa ya watoto kutoka shule tuliifuta yote. Kuna kitu kilirukaruka juu ya mpira, kisanduku kikadhani linapita lori lisilo na mwisho. Ile ndiyo saa iliyokuwa muhimu kuliko zote."

"Nikimpata huyo," alisema Mama Cherehani, "nitamshona miguu yote miwili pamoja."

Kisha alikaa. Dada akamweleza. Wakazi wana haki ya kupinga kipimo na kuomba kirudiwe. Waandike ombi na kulitia saini. Wataje ajali na hatari walizoziona, wakieleza zilitokea wapi na saa ngapi. Kipimo kifanyike wiki ambayo shule ziko wazi. Mpira ulazwe katikati ya mtaa, mahali ambapo magari yanakolea mwendo, wala si kwenye kona. Na wakati wa kupima, barabara iachwe ipumue.

"Yaani tunyamaze?" aliuliza Mama Cherehani.

"Barabarani, mnyamaze. Huku ofisini, msinyamaze hata siku moja."

Ombi lilipokubaliwa, mpira ulirudi. Wiki hiyo watoto hawakuvuka barabara kabisa mbele ya zile nyumba. Mwenye Duka aliwapitisha uani kwake, wakatokea kwenye njia ya miguu inayokwenda shuleni.

Mama Cherehani alijaza pini mdomoni. Magari yalipita vuuu, na vumbi likatua juu ya sare nyeupe. Lile jeupe nalo likapita, mbio vilevile. Aliuma pini hadi fizi zikauma. Kwa hasira alishona mkono wa shati kwenye tundu la shingo. Lakini hakunyanyuka.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa wakazi. Magari mengi yalizidi mwendo unaoruhusiwa, na saa ya kutoka shule ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mama Cherehani alisimama na begi lake. Akaliinua juu.

Mtaa ukapata matuta, vibao, na kivuko chenye mistari myeupe. Siku matuta yalipokauka, lile gari jeupe lilikuja kwa mbio zake za zamani. Kichwa cha dereva kilisalimiana na paa.

"Karibu tena, shemeji," alisema Mama Cherehani kutoka barazani.

Mchana huo kitindamimba wake alivuka kwenye mistari, na magari yakamngoja. Mama yake alilishusha begi, akalifua. Alama haikutoka yote.

Hadithi ingeishia hapo, kwa heshima zake zote. Lakini kabla ya kupigwa chapa ilipewa Bibi, mama mkwe wa Mama Cherehani, aijaribu. Bibi amejifunza kusoma mwaka huu, na husoma kwa kidole. Kidole kilitembea vizuri hadi kwenye viatu vyeusi. Kikasimama.

"Hapa umeandika hakuna aliyeona."

"Ndiyo, Bibi."

"Na hapa umeandika kiatu cha kushoto kimeachama."

Barazani, cherehani ikanyamaza. Bibi aliinama taratibu, akatazama chini ya meza, miguuni kwa mwandishi.

Basi. Siku ile bweni letu lilikuwa limefungwa litengenezwe, nami nilikuwa nyumbani. Nilidhani nikiruka sana, magari yataonekana mengi, na mdogo wangu atapata tuta lake upesi. Kumbe nilifuta saa yake mwenyewe ya kutoka shule. Nakiri mbele ya umma.

Mama alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa akizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akizichoma kwenye kola yake.