Midomo ya Vasundhara

Asubuhi ile Kalindi alimchemshia mama yake chai ya tangawizi, akamwekea kikombe mkononi, akamgombeza kwa mapenzi kama kawaida yake: "Kunywa ingali moto, mama, usije ukasema nimekuletea maji ya kunawia!"

Mama yake alikuwa kipofu. Katika jengo letu kule Girgaum, Bombay, watundu walipenda kubisha hodi wakijifanya Kalindi. Wapi! "Sauti ya mwanangu naijua kama mate yangu," bibi huyo, mama wa Kalindi, aliwajibu. "Nendeni mkawadanganye wenye macho."

Na sauti hiyo ndiyo iliyowalisha. Kalindi alitia sauti filamu za Kihindi. Waigizaji wazuri wa sura na wabaya wa sauti, yeye ndiye aliyewasemea. Kazi ile ina sheria moja: mdomo ukifunguka kwenye pazia la sinema, usiuache mtupu. Karatasi ikikosa neno, tafuta lako linalolingana na midomo.

Siku hiyo aliitwa na mzee Tarachand, mtengeneza filamu, kwenye chumba chake cha kutilia sauti. Filamu yake ilikuwa imelala kwenye makopo miaka na miaka, hadithi ya mapenzi, ya bibi harusi aliyetoweka usiku wa harusi na mume anayemtafuta chumba kwa chumba. Nyota wake, Vasundhara, alikufa kabla hajatia sauti. Maisha yake yote Tarachand alimnyima kusema kwa sauti yake mwenyewe. "Uso wa mwezi, koo la kunguru," alimwambia mbele za watu, nao wakacheka. Filamu hii ndiyo aliyoahidiwa kusema mwenyewe. Akafa na ahadi yake kooni.

"Umechelewa," Tarachand alisema bila kumtazama.

"Nimefika kabla ya chai yako, mzee."

"Ulimi huo upeleke kwenye kipaza sauti. Wawili waliokutangulia walitoka humu wakilia. Mimi sitaki deko."

Taa zikazimwa. Vasundhara akatokea dirishani, sari nyekundu, macho chini. Kalindi akamsemea, na sauti ikamkaa kama pete kidoleni. Maneno ya karatasi yakaisha.

Midomo haikuisha.

"Mzee, bado anasema."

"Hapo hakuna neno. Niliandika mimi."

"Tazama basi."

"Nitazame nini? Mdomo ukicheza, jaza! Umeanza kazi leo?"

Wakarudisha nyuma. Midomo ikacheza tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Kalindi akaifuata, silabi kwa silabi, mpaka neno likaingia. Akavuta pumzi, akalisema kwa huba, kama bibi harusi kwa mumewe:

"Chukua sauti yangu."

"Ah! Hilo tamu," alisema Tarachand. "Liache hivyo hivyo."

Kwenye pazia, Vasundhara aliinua macho. Hakumtazama mume. Alimtazama Kalindi. Midomo yake ikafumba.

Na sauti ikasikika chumbani.

"Ahsante, dada."

Ilikuwa sauti ya Kalindi. Kalindi hakuwa amefungua mdomo.

Akajaribu kupiga kelele. Hata mkwaruzo haukutoka.

"Mzee Tarachand," sauti ilisema, polepole. "Kunguru amerudi."

Kiti kikaanguka. Mzee alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Pazia sasa lilikuwa na dirisha tu. Bibi harusi hayupo.

Sauti ikanong'ona sikioni pa Kalindi, karibu kabisa: "Ngoja nikamsalimie mama."

Kalindi alikimbia. Gari moshi lilijaa, akapenya kwa viwiko, watu wakamtukana. Alipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Nani?" mama yake aliuliza.

Akagonga kwa ngumi mbili.

"Sema jina lako! Huna mdomo?"

Ndani, mtu akacheka kidogo. "Usifungue, mama. Ni mwendawazimu tu. Tulia nikusuke."

"Nenda zako!" bibi alifoka. "Mwanangu yuko hapa!"

Kalindi akaupiga mlango kwa kichwa mpaka damu. Shirin, jirani wa chumba cha pili, akaja na nyundo, wakavunja kitasa.

Bibi alikuwa peke yake juu ya kigoda. Nywele zimesukwa, zimekazwa mpaka ngozi ya paji imevutika. Kalindi akapiga magoti, akamshika mikono. Bibi akaipapasa, kidole kwa kidole.

"Mikono ni ya mwanangu," alinong'ona. "Mbona haisemi? Kalindi, uko wapi? Kuna mtu amevaa mikono yako."

Hakumkubali tena. Hata chakula alikipokea kwa Shirin tu, na kila jioni aliongea na mtu aliye nyuma ya kigoda chake, akitega sikio kusikiliza majibu.

Siku ile ile Shirin ndiye aliyefungua msuko. Ncha yake ilifungwa si kwa uzi, bali kwa kipande cha utepe wa filamu. Akauinua dirishani. Picha ndogondogo, zimefuatana: Kalindi mbele ya kipaza sauti, mdomo wazi.

Chumba kile cha sauti hakijawahi kuingia kamera.