Sauti Aliyoifuta Lascelles

Icilda aliomba chumvi, na kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa mkia wa neno tu. "Vi," alisema, kisha "vi" nyingine hafifu, kisha ya tatu iliyokaribia kuwa pumzi.

Kaka yake Lascelles alicheka hadi bami, ule mkate wa muhogo, ikamkwama kooni. Alidhani anataniwa. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: injinia wa studio moja ya Waltham Park Road, Kingston, anayechukua wimbo wa mtu, anauvua maneno, anabakisha besi na ngoma, na pale alipokuwa mwimbaji anaacha vipande vya mwisho vya maneno vikijirudia kama mtu anayezama kisimani. Dabu. Vijana wa mtaani walimwita profesa. Maprofesa wenyewe, wale wa chuo kikuu kule juu Mona wenye mishahara na feni, waliiita kelele.

"Dada, hata jikoni unanipigia dabu?"

Icilda hakucheka. Alikuwa ameshika koo.

Mwezi mmoja nyuma mwimbaji Clovis Dunkley alikufa kwa homa. Bosi Headley, mwenye studio, hakungoja hata usiku wa tisa, ule ambao ndugu huimba na kupindua samani za chumba ili maiti akirudi asipatambue, aende zake. "Toa albamu sasa hivi watu wangali wanalia," alisema, na machozi yake mwenyewe sijui aliyaweka wapi. Tepu ilikuwa na njia nne tu za kurekodia. Lascelles alihitaji moja kwa ajili ya tarumbeta. Siku ya saba tangu kifo, akaifuta sauti ya Clovis kwenye wimbo wa tatu, akabakisha mikia ya maneno.

Albamu ikavuma. Ikasemwa kwamba ikipigwa saa sita mchana mbwa huhama uani. Kwamba kwenye wimbo wa tatu kuna mtu anavuta pumzi ambaye hakuna aliyemrekodi. Waoga waliosema hivyo ndio hao hao waliopanga foleni dukani.

Ijumaa, Icilda, mwalimu wa darasa la kwanza, aligeuka kutoka ubaoni kuwasomesha watoto. Ikatoka mikia. Watoto arobaini, waliozoea kumfuatisha mwalimu, wakafuatisha: mikia ile ile, mara tatu tatu, ikififia pamoja, midomo arobaini ikifumbwa kwa wakati mmoja. Mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani. "Mwalimu asiye na sauti nimfanyie nini?" aliuliza mbele yake, kana kwamba hata masikio yake yalikuwa yameondoka.

Mchana huo Lascelles alikwenda studio peke yake, akawasha mashine, na kabla tepu haijazunguka mara mbili akasikia harufu ya udongo uliochimbuliwa na ramu nyeupe, ile inayomwagwa kaburini, akadhani ni mfagiaji, akaangalia, hakuna mfagiaji, akavaa hedfoni, akafungua njia aliyoifuta kwa mikono yake mwenyewe, njia ambayo haikupaswa kuwa na kitu isipokuwa tarumbeta, na mshale wa kipimo cha sauti ukaruka, ukaruka tena, na humo ndani, karibu na sikio kama mtu anayenong'ona mgongoni pako, dada yake alikuwa anaomba chumvi, vipande vya mbele tu, chum, chum, kisha anasomesha watoto, kisha analia, na nyuma ya kila kipande kulikuwa na mtu mwingine anavuta pumzi, akijiandaa kuimba.

Kesho yake aliwaleta studio dada yake na Mama Keturah, mganga wa kanisa la Uamsho, kilemba chekundu, penseli mbili zimechomekwa humo. Mama alinusa mlangoni tu.

"Dapi," alinong'ona. "Mzuka wa mtu asiyeagwa. Ulimnyamazisha kabla hajaondoka, sasa nafasi uliyomwachia anaijaza. Binti huyu ndiye aliyekuwa akimwitikia kwenye kiitikio?"

Icilda aliitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Basi njia ya sauti yake ndiyo aliyoijua."

"Kwa nini asichukue yangu, Mama?"

"Wewe una sauti gani, baba? Wewe una mkasi."

"Anataka nini?"

"Wimbo wake. Mzima, mbele ya maiki ile ile."

"Nimeufuta. Haupo duniani."

"Kichwani mwako?"

Lascelles aliitazama mashine. Alikuwa ameusikiliza mara mia mbili, akiukata. "Upo."

"Basi imba. Ila nisikudanganye: asipotaka kuondoka, atashika mdomo ulio karibu."

Icilda alimkamata mkono, akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakiruka. Lascelles akavibandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Niache, dada. Watoto arobaini wanakungoja. Mimi kazi yangu ni ya mikono."

Wakapindua viti, wakageuza mashine ikatazama ukuta. Akaimba. Aliimba vibaya, pembeni ya noti, beti tatu na kiitikio, huku Mama Keturah akimwaga maji sakafuni, na harufu ya udongo ikapanda, ikapanda hadi wote watatu wakakohoa, kisha katika neno la mwisho ikakatika. Mshale ukalala.

"Lascelles," alisema Icilda. Jina lote. Akashika mdomo, akalijaribu tena. "Lascelles! Mbuzi aliyekalia pasi ya moto anaimba kuliko wewe!"

Mama Keturah alipiga kelele za kicheko. Icilda alimrukia kaka yake, akamshika mashavu yote mawili.

"Sema kitu. Kaka, sema chochote nikusikie."

Lascelles alifungua mdomo. Maneno yalitoka mazima, toka mwanzo hadi mwisho, laini, tamu, bila pengo hata moja.

"Asante kwa kuniitikia," alisema, kwa sauti ya Clovis Dunkley.