Mraba Mweusi Kwenye Rangi ya Waridi

Asubuhi moja sebule ya Wendell na Verlene Stroud ilinuka manyoya ya kondoo yaliyolowa. Mtaani kwao, kusini mwa California, hapakuwa na kondoo. Palikuwa na nyasi zilizokatwa na nyumba mpya zinazofanana, zote juu ya korongo lililofukiwa kwa matingatinga.

Verlene alifungua madirisha, harufu ikabaki. Kisha njuga zikalia chini ya sakafu, mchana kweupe, na binti yao Coralee, wa miaka minne, akalaza sikio kwenye zulia.

"Mama, bibi anaona baridi."

"Bibi gani, mwanangu?"

"Wa chini."

Wendell alikuwa mchora ramani. Alipoambiwa, alimjua huyo bibi mara moja. Kwenye ramani ya zamani korongo lile lilikuwa na nyumba moja tu, mraba mweusi wenye jina pembeni: Etcheto, mjane mfuga kondoo aliyekataa kuuza mpaka akafia humo. Kwenye ramani mpya mtaa wote ulipakwa waridi, rangi ya mahali palipojaa majengo, na ofisini kwao ndani ya waridi haichorwi nyumba ya mtu. Wendell, aliyeichora hiyo mpya, aliuacha ule mraba makusudi, kwa kuwa uliangukia pale pale ilipo nyumba yake. Alitaka kumchekesha mkewe. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

"Yaani umemwonyesha mlango!" Verlene alinong'ona. "Nyumba yake imefukiwa, anaiona yetu tu. Kaufute huo mraba leo hii."

"Wenzangu watanicheka."

"Wacha wacheke! Mtoto hali, hachezi, kutwa yuko sakafuni anaongea na maiti, na wewe unaogopa kuchekwa?"

Akaenda. Aliukwangua mraba kwa wembe, hakuhisi hofu wala nafuu. Jioni simu ikalia.

"Amekwenda," Verlene alisema kwa sauti kavu. "Harufu imekwisha."

"Afadhali. Nipe Coralee."

"Anakuita kutoka chini, Wendell. Nimeng'oa zulia, nimepiga saruji kwa nyundo mpaka mikono imechubuka, nimefika kwenye udongo, nikachimba kwa sufuria, na kila nikichimba sauti yake inazidi kuwa chini. Halii. Anasema bibi amewasha moto, uje ule."

Wendell alichukua kalamu auchore tena ule mraba. Pale alipokwangua, karatasi ilikuwa imetoboka.