Raba za Aliyekimbia

Mtu wa nuru alitembea juu ya meza ya kioo, na kila aliyemwona kwa mara ya kwanza alirudi nyuma. Hakuwa na uso wala nguo. Alikuwa umbo la mwanga wa buluu, lenye kimo, uzito na mwendo wa mtu aliyewahi kuvaa kiatu kilichowekwa ndani ya mashine. Mashine hiyo iliitwa kifufuanyayo. Ilisoma jinsi soli ilivyolika, tabaka baada ya tabaka, kisha ikamtembeza upya mvaaji tangu siku aliyokivaa kiatu hadi siku aliyokivua.

Mhandisi Salha Mwinyikondo aliibuni kwa sababu ambayo hakuwaambia wateja. Alitaka kumwona tena kaka yake, marehemu Hemedi, akitembea. Jaribio la kwanza alilifanya kwa makubazi ya Hemedi yaliyohifadhiwa kabatini kwa mama yao. Mama alitazama, akalia, akaswali rakaa mbili, kisha akamwomba asimwonyeshe tena.

Asubuhi hiyo alikuja Bwana Kunambi, mkusanyaji wa viatu adimu, Morogoro nzima ikimjua kwa mdomo wake. Alifungua boksi taratibu kama anayefunua mtoto aliyelala.

"Mhandisi, shika kiti usije ukaanguka. Raba za Kilimanyota hizi."

Salha alizitambua mara moja: kijani na dhahabu, nembo ya kombora kisiginoni. Chuo cha Anga cha Kilimanyota kilimpa kila mwanafunzi wa kundi lake la kwanza pea yake, jina limechongwa kwenye soli isiyoungua moto. Kisha karakana ya makombora ikalipuka. Vijana wawili walikuwa zamu kwenye vali ya mafuta. Mmoja aliishikilia hadi wenzake wote wakatoka. Yalibaki majivu na soli zake, na soli zilisema Hemedi Mwinyikondo. Wa pili, Idrisa Mshamu, hakuonekana tena. Mji ukampa Hemedi mtaa, ukamsomesha mdogo wake Salha, na Idrisa ukamwita Mkimbiaji.

"Za nani?" Salha aliuliza.

"Za Mkimbiaji mwenyewe, jina lake hili hapa kwenye soli. Nimezikuta kwenye mitumba Tunduru, na muuzaji hajui alichoshika. Soli za shujaa ziko makumbusho, ila za mwoga ni pea hii tu. Nipe hati kwamba alizivaa yeye, nikuache na kazi zako."

Salha alisema bismillahi, akaziweka ndani.

Mtu wa nuru akainuka. Alitembea siku nyingi za chuo kwa kufumba na kufumbua, kisha ghafla akakimbia. Alikimbia kama mtu asiyethubutu kugeuka, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukirusha ncha nje. Mguu ule Salha aliujua. Uliteguka walipokuwa wadogo, wakiruka ukuta wa madrasa.

"Mwendo huu umo kwenye kumbukumbu," mashine ilisema. "Hemedi Mwinyikondo."

"Imekosea," alisema Kunambi. "Rudia."

Salha alirudia. Jina likawa lile lile.

Salha alikaa. Akilini alimsikia tena kaka yake, nyumbani wakati wa likizo, akicheka na mdomo umejaa chakula. Kwenye msikiti wa chuo raba zote zilifanana mlangoni, na ukitoka kuswali unavaa zinazokutosha. "Leo nimerudi na za Idrisa, naye yuko na zangu. Wala hatuhangaiki, miguu yetu kama ya mama mmoja." Nyumba nzima ilicheka. Wachunguzi walisoma soli, na hakuna aliyewaambia habari za mlango wa msikiti.

Mtu wa nuru hakuwa amesimama. Baada ya kukimbia alitembea miaka na miaka, mabega yakishuka kidogo kidogo. Kaka waliyemzika alikuwa akizeeka mbele ya macho yake.

Kunambi alishusha sauti. "Dada yangu, mimi leo sina mdomo. Andika Idrisa. Mtaa ubaki na jina lake, mama yako abaki na kaburi lake. Nani ataumia?"

Salha alimfikiria Bi Asumini, mama yake Idrisa, anayeishi mwisho wa Mtaa wa Hemedi. Mwanawe hakuwahi kusomewa hitima, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ni maiti au yu hai. Na kila Ijumaa, miaka yote hiyo, mama yake Salha alikuwa akimwombea kaburini mtoto wa mwenzake bila kujua.

"Ameshaumia," alisema. "Hati nitaandika, Bwana Kunambi. Nitaandika nilichokiona."

Alimpigia mama yake simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Ijumaa usiende makaburini peke yako. Nakuja. Nakuja na Bi Asumini."

"Mama wa Mkimbiaji? Anakuja kutafuta nini kwenye kaburi la mwanangu?"

Mezani, mtu wa nuru alifika hatua yake ya mwisho. Akasimama, akainama kwa taabu ya mtu mzima, akavua kiatu cha kushoto kwanza, kisha cha kulia, kama mtu aliyefika mlango wa msikiti.

"Mama," alisema Salha, "kaa kwanza."