Vidole vya Bibi Ukutani

Pikapu ilikuwa imeshawaka. Godoro la Bibi Mokami limefungwa juu, kuku wawili wamefungwa miguu, na Bibi mwenyewe amekaa mbele kando ya dereva, kikapu mapajani. Alikuwa anahamia Mugumu kwa mwanawe mkubwa. Nyumba yake ya udongo pale Nkende ilikuwa imepasuka kwa mvua, na baba mdogo Mniko alikwisha kusema kwamba Jumatatu ataiangusha kabla haijamwangukia mtu.

"Subiri kidogo, mura," Bibi alimwambia yule dereva kijana. Akatoa kichwa dirishani. "Wewe Agustina, mke mwenzangu! Ukuta wangu umeshaupiga picha?"

Agustina, mjukuu wake wa darasa la sita, alikuwa amesimama kando ya zizi. Kwenye klabu ya kompyuta ya shule walikuwa wanajifunza kujenga mandhari ya nje, vilima na nyumba na miti, vyote ndani ya kompyuta, mpaka unaweza kuvizunguka kama umeingia humo. Alikuwa amemwahidi Bibi kumjengea nyumba yake, saa moja asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini. Mwalimu Faridu alimwagiza jambo moja tu. Apige picha za ukuta na udongo, kisha aivishe nyumba ya kompyuta picha hizo, maana kila kitu kina ngozi yake. Simu ya baba mdogo ilikuwepo. Lakini wiki nzima Agustina alikuwa akikimbilia kucheza rede.

"Nimeshapiga, Bibi," akasema.

"Basi vizuri. Twende, mura."

Gari likateremka, kuku wakilalamika.

Nitapiga kesho, Agustina alijisemea moyoni. Kesho yake kulikuwa na kanisa, kisha mvua, kisha rede. Jumatatu alipotoka shule akakuta mbingu mahali palipokuwa na paa.

Bibi alipaswa kurudi Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya wazazi, aione nyumba yake mbele ya watu. Mwalimu Faridu alikuwa kwenye semina Musoma. Agustina akabaki na kompyuta na uongo wake.

Alichukua mtandaoni picha ya ukuta wa mawe wa nchi ya mbali, akaivisha nyumba ya Bibi. Ukavutika pembeni kama fulana iliyovaliwa na mtu mnene. Majani yakawa ya kijani kibichi kama zulia la ofisini. Kisha akaenda kwenye sehemu ya kuweka jua. Programu iliuliza saa. Akaandika 1, maana ilikuwa saa moja. Kioo kikawa cheusi tititi.

Akafuta, akaandika tena. Giza. Akazima kompyuta, akawasha. Giza lile lile. Mwishowe akaweka taa juu ya nyumba. Ikaonekana nusu. Akaongeza ya pili, ya tatu, hata zikafika saba. Kila alipotibu kona moja, nyingine iliharibika.

Rafiki yake Zuleha alisimama nyuma yake akila karanga. "Dada, mbona huyu ng'ombe ana vivuli saba? Anacheza fainali uwanjani?"

"Nyamaza."

"Na nyumba hii ya nani? Ya mzungu?"

Agustina akazima taa moja. Kila siku baada ya masomo alikaa pale, akaongeza taa, akapunguza taa, na nyumba ikazidi kumkimbia.

Mwalimu Faridu alirudi Jumatano. Akatazama kazi, akakuna kidevu.

"Jua lako liko saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mwalimu. Nimeandika moja, lakini jua ni bovu."

Mwalimu akacheka. "Jua si bovu. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Hii inaanza usiku wa manane. Umeiambia ni saa saba za usiku! Saa moja yetu ya asubuhi, yenyewe inaiita saba."

Akazifuta taa zote, akaandika 7. Jua likachomoza nyuma ya kilima, mwanga ukapita chini chini, na ng'ombe akapata kivuli kimoja kirefu. Agustina alitaka kufurahi, ikashindikana. Mwanga ule mzuri ndio uliomuumbua. Ukuta ulionekana bapa, kama karatasi iliyobandikwa.

"Picha ulizopiga ziko wapi, tuzivishe?" mwalimu akauliza.

Agustina akainama. "Sikupiga, mwalimu. Nilidanganya. Na nyumba imeshaanguka."

"Hapo mimi sina dawa," mwalimu akasema. "Nenda kwenye kifusi ukatazame. Ukipata kitu, kipige picha kivulini. Ukipiga juani, kivuli cha leo kitaingia kwenye asubuhi ya Bibi yako."

Kifusini mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Udongo umerudi kuwa tope, fito zimechomoza kama mbavu. Agustina alichimbua kwa mikono mpaka akakata tamaa, akakaa juu ya jiwe. Baba mdogo Mniko alipomwona hivyo hakuuliza mengi, akainua bati lililoanguka. Chini yake kulikuwa na kipande kikavu, ukubwa wa sinia. Juu yake kulikuwa na alama za vidole vinne, mistari iliyopinda, jinsi Bibi alivyosiliba kwa udongo na samadi.

Kipande kimoja tu. Wakakipiga picha katika kivuli chembamba cha zizi, na siku iliyofuata Mwalimu Faridu akamwonyesha jinsi ya kukirudiarudia kwenye ukuta mzima, na kuifanya ile mistari iwe na vibonde vinavyoshika mwanga wa jua.

Ijumaa Bibi Mokami aliketi mbele, miwani puani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nionyeshe."

Projekta ikawashwa, nyumba ikatokea kwenye ukuta wa darasa. Bibi akainuka, akasogea, akaweka vidole vyake vinne juu ya mistari.

"Hivi ni vidole vyangu," akasema. Kisha, baada ya kutazama sana, "Lakini mbona mkono huu huu mmoja, kila mahali? Mimi ukuta niliusiliba miaka thelathini."

Agustina akamweleza yote.

Bibi hakugomba. "Siku ile ungesema hujapiga, ningeshuka kwenye gari. Ningekusubiri upige. Ni dakika kumi tu, mke mwenzangu. Uvivu tungeurekebisha pale pale. Uongo ndio ulioliruhusu gari liondoke. Ukiwa hujafanya kazi, sema hujafanya, bado kuna watu wa kukusaidia."

Bibi Mokami yuko Mugumu mpaka leo, miguu inamsumbua. Picha ya ile nyumba ya kompyuta imetundikwa sebuleni kwake. Baba mdogo Mniko amejenga nyumba ya tofali pale pale. Mwalimu Faridu alihamishiwa Bunda. Zuleha anauza kwenye duka la mama yake huko Nyamisangura na bado anakula karanga. Agustina yuko kidato cha pili, na simu yake imejaa picha za kuta za watu. Kipande kile cha ukuta kiliwekwa juu ya kabati la darasa. Mwaka uliofuata paa lilivuja, kikalowa, kikawa udongo.